Analala na Nani

Watu wakisikia kwetu ni Mgololo, jambo la kwanza wanalolitaja ni harufu. Kiwanda cha karatasi kikichemsha magogo yake na upepo ukageuka, mji mzima hunuka kama kabichi iliyosahaulika jikoni. Wageni huziba pua. Sisi tuliokulia pale hatuisikii mpaka tuondoke. Mwaka ule niliokaa Usangu niliitamani harufu ile hadi nikajiona nimerukwa na akili, maana nani anatamani kabichi iliyooza? Nilitamani kwa sababu nguo za mwanangu zilikuwa zinaanikwa kwenye upepo uleule.

Usangu nilikwenda kusoma, kama kule kunaweza kuitwa kusoma. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uuguzi, nimemaliza na mazoezi ya hospitali Iringa mjini, na nimerudi nyumbani kusubiri ajira pamoja na kizazi kizima kinachosubiri ajira. Ndipo likatoka tangazo la mafunzo mapya kwa wauguzi waliotoka chuoni. Ungekaa mwaka mmoja, si wodini, bali vijijini, kila mwanagenzi chini ya mlezi mmoja mzoefu, na kila mwezi mngekutana Uyole kwa darasa. Ukimaliza, unapewa cheti cha huduma za afya ya jamii pamoja na kituo cha kazi. Niliomba huku nikijua sitapata. Nikapata.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kimeanza kusimama dede.

Binti yangu alikuwa na mwaka na kidogo. Baba yake alikuwa kwenye malori ya Tunduma, na habari zake hazimo humu. Wanagenzi tulipangiwa kulala wawili wawili chumba kimoja, na siku nyingi tungeshinda juu ya pikipiki, kwa hiyo mtoto hakuwa na nafasi. Nilimweleza mama yangu yote hayo nikitegemea atanionea huruma, aseme usiende. Alikuwa anamenya viazi na hata macho hakuinua.

"Nenda," alisema. "Ninyi wote niliwalea, huyu mmoja ndiyo atanishinda? Nenda kachukue hicho cheti, urudi umlee ukiwa na kazi."

Basi nikamwachisha ziwa. Mimi, niliyekuwa nakwenda kuwahimiza wanawake wa watu wanyonyeshe mpaka miaka miwili! Nilijicheka mwenyewe kabla watu hawajanicheka, kisha nikafunga begi.

Mtu wa kwetu milima ya Mufindi, aliyezoea sweta na ukungu mpaka saa nne asubuhi, akishushwa uwanda wa Usangu huhisi ameingizwa kwenye sufuria na kufunikwa. Kituo chetu cha afya kilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi. Upande mmoja kulikuwa na majaruba ya mpunga na upande wa pili malisho. Wasangu walikuwa na vijiji vyao, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe kutoka kaskazini walikuwa na miji yao, kaya moja moja zilizotawanyika huko porini. Wengine wao walizaliwa palepale Usangu na bado waliitwa wageni.

Mlezi wangu tulimwita Sista, kama wauguzi wa zamani wanavyoitwa, ingawa hakuwa mtawa na alikuwa na wajukuu. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mnene, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukuwa na breki. Siku ya kwanza tulipoingia kwenye mji wa watu nilitoa kalamu na fomu tukiwa bado mlangoni. Akaninyang'anya kalamu.

"Umepewa kigoda?" aliniuliza.

"Bado, Sista."

"Sasa unaandika nini? Salimia watu. Ukipewa kigoda ndiyo umekaribishwa. Kabla ya hapo wewe ni mtu tu umesimama juani."

Nilinuna njia nzima. Nilikuwa na shahada, yeye alikuwa na stashahada ya kale, na mimi ni mwepesi wa kununa hata leo. Lakini nilijifunza kusubiri kigoda.

Wiki zile za kwanza mwili wangu ulikuwa haujapata habari kwamba mtoto ameachishwa ziwa. Siku ya kliniki, watoto wamejipanga kupimwa uzito, mmoja akianza kulia na wengine wakimpokea, maziwa yalinitoka. Nilisimama mbele ya akina mama na gauni langu jeupe likiwa na madoa mawili kifuani, nikashika faili na kujikinga nalo. Sista alifungua kitenge chake kiunoni, akanitupia mabegani, akanifungia fundo mbele, akaendelea kusoma mizani kwa sauti kubwa zaidi ya kawaida. Sikumwambia kitu, naye hakuuliza.

Kila jioni nilipanda kichuguu. Nyuma ya kituo kulikuwa na kichuguu kikubwa, na juu yake ndipo mtandao ulipopatikana. Wauguzi, mlinzi, mwalimu wa shule ya jirani, wote tulikuwa na zamu pale, kila mmoja akipiga kelele mambo ya nyumbani kwake na wengine wakijifanya hawasikii. Mama yangu alikuwa na kitochi, kisimu cha vitufe cha miaka mingi, mfuniko wake wa nyuma umekwisha meno na umefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Akipokea alisema kwanza, "Kamwene," kwa sababu hawezi kuanza maneno bila salamu ya Kihehe hata na mtoto wake. Kisha nilisikia mkwaruzo simu ikihamishwa, na sauti yake kwa mbali, "Ongea na mama. Mama huyu." Halafu pumzi. Mwanangu alikuwa hajui kuongea. Alikuwa anapumua tu kwenye simu. Mimi nilimwimbia, nikamwambia nimeona ng'ombe wangapi, nikamuuliza amekula nini na kujijibu mwenyewe. Pumzi zile nilikuwa nazinywa kama maji.

Mwezi wa tatu wa mafunzo nilipata ruhusa, nikaenda nyumbani. Nilikaa siku chache. Mtoto alining'ang'ania muda wote, mpaka chooni alinifuata. Nilipoondoka alilia, na mama aliniambia baadaye kwamba alilia wiki nzima, akakataa uji, akawa anakwenda kusimama mlangoni. Jioni moja kwenye simu mama alinikatia shauri.

"Usije-ije," alisema. "Unamfungua kidonda kila kikianza kukauka. Kaa huko umalize. Ukija, njoo umekuja."

Niliudhika sana. Nilimwambia mtoto ni wangu. Akaniambia, "Ndiyo, ni wako, lakini kulia analilia kwangu." Nilikata simu, na kesho yake nikapanda kichuguu kuomba radhi. Nyumbani sikwenda tena mpaka mafunzo yalipokwisha.

Ndiyo maana siku za darasa la Uyole zilikuwa adhabu. Kwenda hakukuwa na shida, nilikuwa nageuzia nyumbani mgongo. Uyole kuna baridi kidogo kama kwetu, na sokoni kuna viazi vimefungwa lumbesa, magunia yamevimba juu ya midomo yao, nami nilipenda kuvishika tu. Shida ilikuwa kurudi. Basi la kunirudisha lilikuwa basi la Iringa. Nilikaa dirishani pamoja na watu wanaokwenda Makambako na Mafinga, wakiongea lafudhi ya kwetu, na mama mmoja mara nyingi akiwa na mtoto mapajani. Kisha konda aliniita, nikashuka njia panda ya Usangu, na basi likaendelea kwenda kwetu na kiti changu kitupu ndani. Kila mwezi nilisimama pale nikilitazama mpaka linapotea. Dereva wa bodaboda alinizoea, akawa anasubiri kwanza ndipo aniambie twende.

Sasa nieleze habari ya mtoto wa kwa Wasukuma, kwa sababu ndiyo iliyofanya Sista aniulize.

Alikuwa mvulana wa umri uleule wa binti yangu, na labda kwa hiyo nilimshikilia kupita kiasi. Utepe wa kupimia mkono ulisimama kwenye njano, rangi ya mtoto aliyeanza kudhoofu kwa kukosa lishe. Mwanamke kijana, msafi, mchangamfu, alitupokea akatupa vigoda. Nilimuuliza, "Wewe ndiye mama yake?" Akasema, "Ndiyo, nesi." Nilimfundisha kila kitu: uji uwe mzito, utie karanga, maziwa asubuhi na jioni, yai likipatikana. Alirudia maneno yangu bila kukosea hata moja. Nilitoka pale natembea kifua mbele.

Tuliporudi mtoto alikuwa vilevile. Nikafundisha tena, akarudia tena, vizuri kuliko mara ya kwanza. Tuliporudi safari nyingine utepe ulikuwa unakaribia nyekundu. Nilipandwa na hasira. Njiani nilimwambia Sista kwamba yule mwanamke ni mkaidi, ana ng'ombe wamejaa zizini na anamnyima mtoto maziwa, na kwamba wanawake wengine hawastahili kupewa watoto. Nilisema na mengine. Sista aliniacha niseme mpaka yakaisha.

Safari iliyofuata nilipotaka kuanza somo, alinigusa goti. Akamuuliza yule mwanamke kwa upole, "Mtoto huyu analala na nani?"

"Na bibi yake," alijibu yule mwanamke, akaonyesha kinyumba kidogo nyuma ya zizi.

Yeye mwenyewe alikuwa mke wa kaka mkubwa wa baba wa mtoto. Mama aliyemzaa alikuwa mbali, kwenye vibarua vya kupalilia mpunga, na angerudi baada ya mavuno. Huyu alikuwa akikutana nasi kwa kuwa ndiye aliyejua Kiswahili. Nilikuwa nimemuuliza kama ni mama yake, naye akasema ndiyo, na alikuwa amesema kweli tupu. Mke wa baba mkubwa ni mama. Hata kwetu ni mama. Ningeulizwa mimi Mgololo ningejibu hivyohivyo.

Tulikwenda kwenye kile kinyumba. Sista akapiga goti, akasalimia, "Mwangaluka, mayu," na bibi akafurahi kusalimiwa kwa lugha yake, ingawa matamshi ya Kinyakyusa yalimfanya acheke. Hakujua Kiswahili. Mtoto alikuwa anakula naye, na yeye meno yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo uji wa nyumba ile ulipikwa mwepesi wa kunywewa na wote wawili. Maziwa hakumpa kwa sababu mtoto alikuwa anakohoa alfajiri, naye aliamini maziwa yanaongeza kikohozi. Masomo yangu yote mazuri hayakuwahi kuvuka lile zizi. Tukaanza upya, mama mkubwa akitafsiri, bibi akiuliza maswali makali kuliko ya mwalimu wetu wa Uyole. Kikohozi tulikitibu. Mvua zilipokaribia kwisha, utepe ulisoma kijani, na bibi aliushika akautazama kama anakagua ushanga.

Lakini ile siku ya kwanza kuingia kwa bibi, tukirudi, pikipiki ilinasa kwenye tope tukawa tunaisukuma. Sista alikuwa anahema.

"Huku kila mwanamke ni mama," alisema, "na wala hawakudanganyi. Mama yake ni nani, hilo ni swali la polisi. Wewe uliza analala na nani. Anayelala naye ndiye anajua kama alikohoa, kama alishiba, kama alistuka usingizini." Akasukuma kidogo, kisha akasema, "Na wa kwako? Analala na nani?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote pale kama nina mtoto. Ila kitenge chake bado nilikuwa nacho.

"Na mama yangu," nikajibu.

"Anajua Kiswahili huyo mama yako?"

Nikacheka, na kicheko kikanigeukia, nikalia mikono yangu ikiwa kwenye usukani wa pikipiki, tope mpaka magotini. Sista aliendelea kusukuma. "Ndaga, mwanangu," alisema, pole ya kwao. "Ndaga. Sukuma basi, mvua inakuja."

Kuanzia siku ile swali hilo halikuniacha. Nililiuliza kila mji niliokanyaga, na kila nilipojibiwa, na bibi, na dada yake, na shangazi, nilijiona mimi ndiye yule aliyekwenda kupalilia. Huruma niliyokuwa siwapi wanawake wasiokuwepo niliipata kwa njia hiyo. Sipendi kusema ilinifaa, lakini ilinifaa.

Kwenye kichuguu mambo nayo yalikuwa yamebadilika. Mtoto alianza kuongea, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa mama. Nilifurahi mpaka mama yangu aliponieleza vizuri, huku akicheka.

"Mama ni simu," alisema. "Hiki kitochi ndicho anakiita mama. Anakibeba mgongoni na khanga. Jana nimekitafuta nikichaji, kumbe amekilaza, amekifunika. Akikikosa halali."

"Kwa hiyo analala na nani?" nikauliza. Lilinitoka lenyewe.

"Si nakwambia? Analala na mama yake."

Nilicheka naye, maana ilichekesha. Niliwasimulia wenzangu wakacheka. Kisha nikakionea kitochi kile wivu, wivu wa kweli, kama mke mwenza. Kilikuwa na sauti yangu, na kilikuwa kinafunikwa shuka nikiwa mimi nimekaa juu ya kichuguu naumwa na mbu.

Mafunzo yaliisha. Nilipewa cheti, nikapangiwa kazi palepale kituoni, safari hii na nyumba yangu yenye mlango wangu. Sista alinisindikiza mpaka njia panda. Nilipotaka kumrudishia kitenge alinitazama kwa dharau. "Utambebea nini?" aliniuliza. Mara hii basi la Iringa sikubaki kulitazama, nililipanda. Niliendelea nalo, nikiogopa kama mtu anayekwenda kuhukumiwa, kwa sababu nilikuwa nakwenda kumchukua mwanangu na sikujua kama atakubali kuchukuliwa.

Nilifika ukungu ukiwa bado umekalia misonobari. Harufu ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Nilivuta pumzi mpaka abiria mmoja akanishangaa.

Alikuwa amekaa kizingitini anakula kiazi. Alikuwa amerefuka, na nywele zake zilikuwa zimesukwa na mtu mwingine. Nilipiga magoti nikanyoosha mikono. Alinitazama kwa adabu kabisa, akameza kwanza, akasema, "Shikamoo."

"Mama huyo," mama yangu alimwambia. "Si mama huyo amekuja?"

Mtoto akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akatoka na kitochi amekipakata kwa mikono miwili, akanionyesha ili nami nimfahamu. "Mama huyu," alisema.

Mama yangu alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Alinivuta pembeni. "Mtoto hatumpi mgeni," alisema polepole. "Hata kama mgeni ni wewe. Akikujua, mchukue. Asipokujua, mwache kwanza." Alisema kweli, na nilimchukia kwa dakika nzima.

Nilikwenda nyuma ya jiko, kwenye kamba ya nguo. Nilisimama kati ya vigauni vyake vilivyoanikwa, nikatoa simu yangu, nikapiga.

Nilikisikia kitochi kikilia upande wa pili wa nyumba. Nilisikia kelele yake ya furaha, na mama yangu akimbonyezea. Halafu ile pumzi.

"Mama!" alisema.

"Ee, mama," nikasema. "Umekula nini leo? Umekula kiazi. Kina chumvi? Mimi nimeona ng'ombe wengi, nimeona na ndama mweupe." Nikaanza kutembea. Nikapita jiko, nikapita pipa la maji, naongea yale yale niliyokuwa naongea juu ya kichuguu, nikaanza na wimbo wetu. Nilipokata kona ya nyumba alikuwa amesimama uani, simu sikioni. Sauti ilimfikia mara mbili. Alinitazama mdomo. Akashusha simu, akaigeuza, akavuta ule mpira, mfuniko ukadondoka. Akachungulia kwenye betri. Kisha akainua macho kwangu.

"Umetoka," alisema.

"Ee, mwanangu. Nimetoka."

Mchana ule, alipozidiwa na usingizi, alilala mgongoni kwangu ndani ya kitenge cha Sista. Simu alimwachia bibi yake. Mama yangu aliokota mfuniko, akaurudisha, akaufunga na mpira wake, akakaa nayo mapajani akiipangusa kwa upindo wa khanga ingawa haikuwa na vumbi.

"Huko kwenu," aliniuliza bila kuinua macho, "mtakuwa mnapiga saa ngapi?"